Kiwiko Kwanza, Fundi Baadaye: Meza ya Kazi ya Nyumbani kwa Mtu wa Arusha na Moshi

Nenda kwa seremala yeyote, kuanzia Sakina hadi Majengo, umwambie unataka meza ya kazi. Hatakuuliza urefu wako. Atakuuliza unataka ya futi ngapi na rangi gani, halafu atakutengenezea meza yenye kimo cha inchi 30, yaani sentimita 76, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa na ndivyo meza za chakula zilivyo. Ukimtajia habari ya kimo atatabasamu: "Bosi, vipimo vya meza ninavyo kichwani." Ni kweli anavyo. Ila vipimo hivyo havikutoka mwilini mwako, na vinamtosha mtu anayekula ugali kwa nusu saa, si anayeandika kwa muda wa saa nane.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kwa fundi, pima kiwiko. Kaa kwenye kiti kigumu, nyayo zote mbili zikanyage sakafu, mapaja yalale sawa na sakafu, mabega uyaachie. Kunja mkono mpaka kiwiko kifanye pembe ya nyuzi 90. Mtu mwingine ashike tepu apime kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko. Mwenye urefu wa sentimita 165 atapata kama 65. Wa 155 atapata 61 hivi, na wa 180 atakaribia 71. Hicho ndicho kimo cha uso wa meza yako. Pima ukiwa umevaa ndala au viatu utakavyovaa ukiwa kazini, maana soli ya sentimita mbili tayari ni tofauti ya kutosha.

Sasa angalia kinachotokea kwa mtu wa 165 anayekalia meza ya 76. Kuna sentimita 11 zilizozidi, na mwili hauna pa kuzipeleka ila mabegani. Mabega yanapanda bila mwenyewe kujua, na ikifika saa sita mchana panauma pale kati ya shingo na bega. Wengi huilaumu baridi ya Arusha. Baridi haina kosa.

Kama meza ndefu unayo tayari, usiitupe. Njia ya haraka ni kupandisha kiti hadi kiwiko kilingane na meza, kisha kuweka kibao chini ya miguu chenye kimo kilekile ulichopandisha. Kibao kiwe kipana, angalau sentimita 40 kwa 30, na kisiteleze. Miguu ikining'inia, ukingo wa kiti unabana nyuma ya mapaja na ganzi inaanza.

Njia ya kudumu ni kukata miguu ya meza, na hapo ndipo watu wengi huharibu. Wanapima kila mguu kutoka juu kwa tepu, wanakata, meza inacheza. Wanaupunguza mmoja, inacheza upande wa pili. Mwisho wanabaki na meza ya kahawa. Fanya hivi: simamisha meza mahali tambarare kuliko pote ndani ya nyumba (mara nyingi ni kwenye vigae, si kwenye saruji ya kupigwa kwa mkono). Kama inacheza, tia vipande vya karatasi chini ya mguu mfupi mpaka itulie. Tafuta kipande cha mbao chenye unene sawa na kiasi unachotaka kukata. Kwa sentimita 11 unaweza kubandika vipande viwili. Lazia penseli juu ya kipande hicho, kisha kisukume sakafuni ukizunguka kila mguu, penseli ikichora mstari pande zote nne. Kata kwa kufuata mstari. Mistari yote imepimwa kutoka sakafu moja, kwa hiyo meza itatulia.

Ukitengenezesha mpya, mpelekee fundi karatasi, tena yenye inchi, kwa kuwa tepu yake anaisoma kwa inchi: sentimita 65 ni inchi 25 na nusu. Kisha mwambie jambo moja ambalo asipoambiwa atalifanya tu. Ni ule ubao wa inchi nne unaopita mbele chini ya uso wa meza, ukiunganisha miguu miwili. Kwenye meza ya chakula haudhuru. Kwenye meza yako unadhuru, na hesabu yake ni fupi. Uso uko sentimita 65. Toa unene wa ubao wa juu, 1.8. Toa ubao wa mbele, 10. Imebaki 53. Kiti kiko 42 na paja lina unene wa kama 15, jumla 57. Paja haliingii. Matokeo yake unakaa mbali na meza, umeinama mbele, mgongo haugusi kiti, na kiti kizuri ulichonunua kinakuwa pambo. Mwambie fundi ubao huo aurudishe nyuma angalau sentimita 25 kutoka ukingo wa mbele, au auache kabisa na nguvu aiweke upande wa ukutani. Droo nayo ni hivyohivyo: ikae pembeni, isikae pale magoti yanapopita.

Kwa ukubwa, urefu wa sentimita 120 na kina cha 60 vinatosha kwa laptopu na daftari. Ukiwa na skrini ya inchi 24 chukua kina cha 70, maana skrini inatakiwa iwe umbali wa mkono mmoja ulionyooshwa, kati ya sentimita 50 na 70 kutoka machoni, na nyuma yake pabaki nafasi ya nyaya. Hapa hesabu ya karatasi ya plaiwudi au MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizobanwa) inasaidia. Karatasi nzima ni futi nane kwa nne, yaani 244 kwa 122. Kwa kina cha 60 inatoa nyuso nne za 120 kwa 60, na msumeno umeshakula milimita zake. Tafuteni majirani wanne mgawane. Kwa kina cha 70 inakupa ukanda mmoja wa meza, na ule wa 52 uliobaki unakuwa rafu.

MDF ya milimita 18 ni rahisi na uso wake ni laini, ila ina adui wawili. Wa kwanza ni maji: uso hauna shida sana, lakini kingo zilizokatwa hunywa chai iliyomwagika kama mkate, zinavimba na hazirudi. Zipake vanishi au praima mara mbili, ya kwanza ikauke kabisa kabla ya ya pili, usisahau ukingo wa nyuma na matundu ya nyaya. Wa pili ni uzito wa katikati. Ukanda wa sentimita 140 ulioshikwa nchani tu utapinda kidogokidogo. Weka mhimili chini yake kwa urefu, karibu na nyuma.

Ukipenda mbao halisi, huku kwetu saiprasi na paini za mashamba ya miti ya Meru na Kilimanjaro Magharibi ndizo za kawaida, na ni nzuri. Shida ni ubichi. Mbao huuzwa ikiwa bado ina maji, fundi anaipiga randa siku hiyohiyo, meza inapendeza, halafu jua la Januari linaikuta: viungo vinafunguka, uso unajikunja kama kigae cha zamani. Kuipima huhitaji kifaa. Omba kipande cha mwisho kilichokatwa, kipime kwenye mizani ya jikoni, kiweke mahali pakavu penye hewa wiki mbili, kipime tena. Kikiwa kimepungua uzito waziwazi, mbao zako bado. Zipange ndani, na kati ya moja na nyingine weka vijiti vya inchi moja ili hewa ipite, uwe na subira ya miezi. Kama huna subira hiyo, nunua plaiwudi.

Na zile mbao zenye rangi ya kijanikijani ziache kwenye paa. Zimetiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza, na vumbi lake unapozipiga msasa si la kuvuta. Meza unailalia viganja kutwa nzima.

Miguu ya chuma ni sawa kabisa, pengine bora: skwea paipu ya inchi moja na nusu, unene wa milimita 1.5, ichomelewe na kipande cha kukaza nyuma, na chini miguu ivishwe raba. Kabla ya kulipa, shika kona moja ya meza uisukume kwa upande. Ikiyumba pale karakana, nyumbani itayumba kila unapobonyeza herufi.

Kiti. Hapa ndipo pa kutumia pesa, meza ikiwa ya kawaida haitakuumiza. Viti vya ofisi vya mtumba mara nyingi ni vizuri kuliko vipya vya bei ndogo, kwa sababu vile vipya vingi vina sponji nyepesi inayolala baada ya miezi michache mpaka unakalia ubao. Kwenye mtumba kagua silinda ya gesi: pandisha kiti hadi mwisho, ukikalie dakika kumi ukizungumza na muuzaji mambo mengine. Kikishuka hata sentimita moja, silinda inavuja. Kigeuze utazame nyota ya chini, ile yenye miguu mitano. Ya plastiki huanza kupasuka karibu na tundu la gurudumu. Sponji iliyolala si sababu ya kukiacha, fundi wa sofa ataweka mpya ngumu ya sentimita tano. Mwambie asizidishe, maana kila sentimita anayoongeza inapandisha kiwiko na hesabu yako ya meza inaharibika. Ukikaa hadi nyuma kabisa, kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti vipite vidole vitatu.

Kiti cha plastiki cha bustanini kina mteremko wa kuelekea nyuma. Kimetengenezwa kwa soga. Ukilazimika kukitumia, kunja kanga mara kadhaa ujaze ule mteremko wa nyuma, na nyingine iviringishe kiunoni.

Laptopu peke yake haiwezi kukutendea haki: skrini ikiwa sawa kwa macho, kibodi iko juu mno, kibodi ikiwa sawa kwa mikono, shingo inainama. Inyanyue juu ya vitabu au kibao mpaka ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho, kwa kawaida sentimita 10 hadi 15, kisha nunua kibodi na mausi vya nje. Kwa fedha inayotumika, hakuna kifaa kingine kinachofanya kazi kubwa kuliko hiyo kibodi. Anayevaa miwani yenye sehemu mbili ashushe skrini kidogo, la sivyo atainua kidevu siku nzima.

Sasa jua, ambalo ushauri mwingi wa mitandaoni hulikosea kwa kuwa umeandikiwa nchi nyingine. Arusha na Moshi ziko kama nyuzi tatu na nusu kusini mwa ikweta. Juni jua la adhuhuri linakuwa upande wa kaskazini, Desemba linahamia kusini, na takriban katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba linapita juu ya utosi. Kwa hiyo hakuna upande wa kaskazini wala kusini ulio na kivuli mwaka mzima. Lakini jua hilo la adhuhuri liko juu sana, na upenu wa paa wenye sentimita 60 tu unatia kivuli zaidi ya mita moja chini yake hata Juni. Madirisha ya mashariki na magharibi ndiyo tabu: asubuhi na jioni jua liko chini, upenu hausaidii kitu, mwanga unapenya mpaka ukuta wa pili.

Ukiweza kuchagua chumba, chagua chenye dirisha la kaskazini au kusini. Meza ikae ubavu kwa dirisha, mwanga uingie kushoto kama unaandika kwa mkono wa kulia. Ukilielekezea dirisha uso, macho yanapigana na mbingu iliyo nyuma ya skrini. Ukiligeuzia mgongo, dirisha lote linaonekana ndani ya skrini. Anayetamani kuutazama Meru akiwa kazini, ubavu unamtosha: kila baada ya dakika 20 ageuze kichwa atazame mbali kwa sekunde 20. Macho yanahitaji kitu kilicho mita sita au zaidi, na mlima umezidi hapo. Wa Moshi wajue tu kwamba Kibo huonekana vizuri alfajiri na jioni, mchana mara nyingi ni mawingu.

Usiku, balbu moja ya katikati ya dari inakuwa nyuma ya kichwa chako, kwa hiyo unafanyia kazi ndani ya kivuli chako mwenyewe. Ongeza taa ya mezani ya LED ya wati 5 hadi 9, upande wa pili wa mkono unaoandika, mdomo wake ukiwa chini ya usawa wa macho. Madukani utapewa nyeupe kali yenye 6500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga) bila kuulizwa. Tafuta ya 4000K. Ile ya njano ya 3000K inapendeza sebuleni lakini inaleta usingizi.

Umeme. Anza kwa hesabu ya matumizi, maana watu huogopa bure. Laptopu wati 50, skrini 25, ruta 10: jumla 85. Kwa saa nane ni uniti 0.68, na kwa siku 22 za kazi ni kama uniti 15 za LUKU kwa mwezi. Hita ya wati 1,000 inamaliza hizo kwa saa 15 tu.

Kinachoua vifaa mara nyingi si kukatika bali kurudi, pale umeme unapokuja kwa kishindo au ukiwa chini ya kiwango. Kifaa cha kulinda kinachochelewesha umeme dakika chache, kama kile cha friji, kinafaa pia kwa meza. Ekstensheni iwe na waya mnene, milimita za mraba 1.25 au 1.5, na yenye pini ya ethi (waya wa ardhini) ya kweli. Kuna zenye pini tatu nje na nyaya mbili ndani. Ethi ya nyumba nayo ikaguliwe: fundi umeme aweke mita kati ya nyutro na ethi kwenye soketi, isomeke volti chache tu. Ikisoma makumi, ethi haipo au imeoza. Dalili yake unaweza kuwa unaijua, ule mwasho mwembamba unapogusa ganda la chuma la laptopu inayochajiwa. Pasi na jagi la umeme visichomekwe kwenye ekstensheni hiyo hata kwa dakika tano.

Kwa saa za giza, usikimbilie UPS kubwa, kile kifaa chenye betri kinachoshika kazi umeme ukikatika. Laptopu ina betri yake. Kinachokukatisha kazi ni ruta. UPS ndogo ya volti 12 ya kuwasha ruta, yenye betri ya mAh 8,800, ina kama wati-saa 32. Ruta ya wati 8 itakaa nayo zaidi ya saa tatu. Angalia volti ya ruta nyuma kabla ya kuunganisha, nyingi ni 12, nyingine ni 9 au 5, na plagi zinafanana. UPS ya kawaida ya 650VA imebeba betri ya volti 12 Ah 7, wati-saa 84 kwenye karatasi na kama 50 kwa kweli. Laptopu na skrini zitaimaliza kwa dakika 40 hivi, na betri ikizeeka dakika 10. Kazi yake ni kukupa muda wa kuhifadhi faili. Anayetaka siku nzima anunue inveta, inayogeuza umeme wa betri kubwa kuwa wa soketi. Betri ya kawaida ya Ah 100 itumie nusu tu ili idumu, utapata kama wati-saa 500 baada ya upotevu, karibu saa sita kwa meza yetu. Ya lithiamu ya ukubwa huohuo inakupa karibu mara mbili. Radi za masika zikianza, chomoa. Hakuna kifaa cha ekstensheni kinachosimama mbele ya radi iliyopiga karibu.

Intaneti haina mengi. Ruta ya laini ya simu iwekwe dirishani, juu, mbali na grili kwa sentimita 30 au zaidi. Bati na chuma vinakula mawimbi. Jaribu sehemu nne za nyumba ukisoma namba ya RSRP, yaani nguvu ya mawimbi, kwenye ukurasa wa mipangilio: -85 ni nzuri, -110 ni mateso. Kisha vuta waya wa mtandao wa Cat6 hadi mezani, wa shaba tupu. Ule wa aluminiamu iliyopakwa shaba hukatika ukiukunja kwenye kona.

Kuhusu sauti, nyumba ya bloku na vigae inarudisha mwangwi. Piga kofi moja. Ukisikia mlio wa bati, chumba kinahitaji vitu laini. Mapazia mazito ya mtumba, upana mara mbili ya dirisha ili yakunjike, mkeka au zulia, na rafu yenye vitabu ukutani nyuma ya skrini. Mvua ikipiga bati hakuna dawa ya ukutani. Hedifoni yenye maiki kwenye mkono wake, umbali wa vidole viwili kutoka pembeni mwa mdomo, ndiyo itakayokuokoa kwenye kikao, na kitufe cha kunyamazisha.

Juni hadi Agosti Arusha, baridi inaanzia sakafuni. Zulia chini ya meza na shuka ya Kimasai mapajani vinafanya kazi ambayo hita inaifanya kwa uniti nyingi. Jiko la mkaa lisiingie chumbani, hata likiwa limeshika vizuri bila moshi. Gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na madirisha yaliyofungwa kwa baridi ndiyo yanayoifanya iue. Ukianza kuumwa kichwa karibu na jiko, toka nje kwanza, maswali baadaye.

Moshi, Januari na Februari, tabu ni joto. Feni ya meza ya wati 40 isikupige usoni, macho yatakauka. Iwekwe ubavuni, chini ya usawa wa meza, ikipuliza kuelekea miguuni. Upepo huo unafanya na kazi ya pili: mbu warukao chini ya meza ikishafika magharibi ni wadhaifu wa kuruka, hawawezi kushindana nao. Wavu wa dirisha wenye tundu moja la ukubwa wa kidole hauzuii kitu, kwa hiyo kabla ya kuwasha taa jioni pitisha kiganja kwenye fremu yote, hasa pale chini ambapo paka husukuma.